Mashine Uliyoiosha Nje Tu

Detlef,

Nimetoka kidogo. Supu ya dengu iko jikoni, ipashe moto. Biskuti za Krismasi kwenye kopo jekundu ~~uzile zote, ndiyo adhabu yako~~ usiguse hata moja.

Jana ulisaga nyama ya nguruwe na vitunguu kwenye mashine ileile ya kusagia nyama ninayoitumia kuminya unga wa biskuti kila Desemba. Ukaniapia umeiosha. Uliiosha nje tu, ndani hukugusa, mume wangu! Asubuhi nimeminya humo unga wote niliokanda kwa siagi, nikaoka, nyumba nzima ikanuka kama kibanda cha soseji. Nililia, na si kwa sababu ya vitunguu.

Mara dada yako Irmgard huyo, kaingia bila hodi. Wifi ambaye miaka yote biskuti zangu kwake “hazina ladha, lakini umejitahidi.” Akachukua moja. Akachukua nyingine. Akavuta kiti, akakumbatia kopo.

“Wifi, leo umeniweza! Umetia nini humu?”

Nikamwambia ni siri ya marehemu mama.

Akikupigia simu, ole wako ufungue mdomo. Na hiyo mashine usiioshe. Siagi ipo ya kutosha, nimekwenda kununua vitunguu.

Mkeo (bado nimenuna)