Isale Alilopokea Mama

Nkoasare, Meru
Jumapili, 9 Machi

Kaka mpendwa Gerson,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe, wifi Naserian na watoto. Kifua cha wifi kimepona? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini anakwenda zizini na kurudi bila kushikwa mkono. Mimi bado niko na cherehani yangu pale stendi. Ni moyo tu usio mzima, ndiyo maana nimenunua karatasi badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungeanza kufoka kabla sijafika nusu, na mimi siku hizi nikifokewa nafoka.

Ulipoondoka tulikuwa kijiji. Sasa tunaitwa mji mdogo, na nakuapia hatujaongezewa kitu zaidi ya jina hilo na kibao cha bati pale njia panda. Taa za barabarani zilizowashwa siku ya uzinduzi zimekufa zote isipokuwa moja, na hiyo moja iko mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Takataka za soko zinarundikwa nyuma ya zahanati mpaka mbwa wanakuja kuzitawanya. Ukimuuliza mtendaji, anakujibu kwamba suala liko kwenye mchakato. Neno hilo nikilisikia mara nyingine nadhani nitavua kiatu nimrushie.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu tangu Novemba ni Nelson. Ndiyo, Nelson yule yule mliyepata naye kipaimara, aliyekuwa ananakili majibu yako ya katekisimu. Wewe ndiye uliyenipigia simu kunisihi nimpe kura kwa sababu ni mtu wetu. Nikampa. Sasa sikiliza alichotufanyia mtu wetu.

Januari alimruhusu shemeji yake afungue sehemu ya kuosha magari kule juu, mfereji unapotoka mtoni. Magari ya watalii na ya watu wa Njiro yanapanga foleni pale tangu asubuhi. Wameziba mfereji kwa viroba vya mchanga ili maji yote yaingie kwao, na kinachotuteremkia sisi ni povu la sabuni na oili chafu. Mfereji ule babu na wenzake waliuchimba kwa majembe, na hadi leo kila nyumba ina siku yake ya maji, na asiyetokea kuuzibua kabla ya masika anatozwa debe la pombe ya mbege. Siku yetu ni Jumatano, kama unavyojua, na tangu baba afariki katibu wa mfereji ni mimi, na daftari la zamu nalishika mimi. Basi Jumatano nne mfululizo mama alikaa kwenye kigoda kando ya mfereji, jembe mapajani, akisubiri maji ambayo hayakuja. Migomba ikaanza kuanguka. Kahawa ile aliyoipanda na baba ikapukutisha majani. Ng'ombe akanywa lile povu, akaharisha siku nne.

Nilimwendea Nelson ofisini. Aliniambia, mbele ya watu, kwamba zamu za mfereji ni mambo ya kizamani, kwamba mji haujengwi kwa mila, na kama nataka maji nikaombe kuunganishiwa bomba. Bomba lenyewe linatoa hewa! Usiniambie ungeongea naye kwa simu, kaka. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, watu thelathini na nne wakaweka sahihi zao, nikapeleka malalamiko wilayani. Huko, nisiwasingizie, walinisikiliza vizuri. Wakapanga kuja Alhamisi, tarehe 27 Februari, watusikilize sote hapa hapa.

Jumanne yake mchana nilikuwa jikoni, nikamwona Nelson anapanda kijia cha kwetu. Alikuwa na mzee Aikaeli na mzee mwingine wa ukoo, na mkononi ameshika jani la isale, la kuombea msamaha. Huyo huyo aliyesema mji haujengwi kwa mila! Unajua mwenyewe: mwenye kosa akikuletea isale hukatai, na ukishalipokea kesi imekwisha, huiinui tena mbele ya mtu yeyote. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajificha migombani kama mwizi, nikijua kwamba asiyekutwa hapokei. Kosa langu ni kwamba sikumfikiria mama.

Walimkuta sebuleni. Mzee Aikaeli akamwambia kwamba mtoto amekosa na amekuja kuomba, na mama akalipokea lile jani kwa mikono miwili. Niliporudi nikafoka sana, nikamuuliza kama Nelson ameahidi kuondoa viroba. Mama akasema hakumuuliza, kwa sababu anayeleta isale hawekewi masharti mlangoni. Utu wake ndio utakaomtuma kurekebisha. Kesho yake ilikuwa Jumatano yetu. Mama akatoka na kigoda na jembe lake, akakaa mpaka jua la saa sita. Viroba vilikuwa pale pale.

Alhamisi tukakusanyika darasani shule ya msingi. Maafisa watatu walitoka wilayani, wakauliza nani ana malalamiko. Kaka, watu thelathini na nne, kimya! Kila mmoja anaangalia vidole vya miguu yake, kwa sababu nyumba ya katibu imeshapokea isale, na nani atathubutu kupita juu yake? Nelson akasimama na sauti laini kama mchungaji, akasema jambo limekwisha kumalizwa kimila na kwa amani, na mama mwenyewe huyu hapa, aulizwe. Mama alikuwa benchi la mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa. Najua hakuna aliyekuambia hili, maana ungekuwa umeshanipigia. Nilisimama nikasema mama hana akili timamu. Nilisema tangu mwaka jana amekuwa mtu wa kusahau, hajui siku wala saa, na Nelson alivizia nikiwa sipo ndipo akaja kumlaghai kikongwe asiyejielewa. Ulikuwa uongo mtupu. Mama anakumbuka tarehe ya kuzaa ya kila ng'ombe aliyewahi kumfuga, na kanisani hafungui kitabu cha nyimbo kwa sababu zote ziko kichwani. Nilisema hivyo kwa sauti kavu, kama ninavyosoma muhtasari wa kikao, huku ananitazama.

Afisa mmoja akamsogelea, akainama, akamuuliza taratibu kama anajua leo ni siku gani. Mama hakumwangalia yule afisa. Aliniangalia mimi, muda mrefu, halafu akajibu kwamba hajui.

Isale likatupiliwa mbali pale pale. Wakaamuru viroba viondolewe siku ile ile, na ile sehemu ya magari ifungwe. Nelson alionywa mbele yetu sote mpaka jasho likamtoka. Watu walinibeba juu kaka, wale wale waliokuwa wanaangalia vidole vya miguu.

Jumatano iliyopita maji yalikuja, mengi, safi. Mama hakutoka ndani. Tangu siku ile ananijibu kwa adabu, kama mtu anayemjibu daktari. Nikimuuliza chumvi ameiweka wapi, anasema hakumbuki. Wageni wakimwamkia anawaambia wamuulize Hanna, yeye hana akili. Na watu wameamini, kaka. Majirani wanaongea naye kwa kupaza sauti kama wanaongea na mtoto. Leo kanisani jina lake limesomwa pamoja na wagonjwa, na yeye alikuwa amekaa pale pale, akaitikia amina.

Nina hasira na Nelson, nina hasira na wale thelathini na nne, lakini usiku ninayegombana naye ni mimi mwenyewe. Mzee Aikaeli ameniambia dawa ni moja tu, nimpelekee mama isale. Nimekwenda mpakani mwa shamba, linakoota, mara mbili kulikata, nikarudi mikono mitupu. Ninajua atalipokea. Hawezi kulikataa. Nelson naye alijua hivyo hivyo alipopanda kile kijia.

Njoo Pasaka kaka, nakuomba. Ukifika usimwambie chochote kuhusu barua hii, muulize tu habari za ng'ombe kama zamani.

Mwambie wifi nimemshonea gauni, nitampa mtu anayekuja huko, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Kwa upande wa mama, nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akanitazama usoni, akaniuliza Gerson ni nani.

Mdogo wako,
Hanna