Bisibisi ya Cherehani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Ibra, Omani. Jumamosi, tarehe 10 Februari 2007, saa 3:15 asubuhi.
Jina: Mahfoudha binti Suleiman. Umri: miaka 63. Kazi: fundi cherehani, anashonea nyumbani. Makazi: Ibra, nyumbani kwa mwanawe Khalaf. Mzaliwa wa Unguja mjini.
Shahidi ametaka kusema kwa Kiswahili. Nimeyaandika kwa maneno yake.

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Shauri lenyewe ni la Adham, fundi wa kompyuta wa barabara ya Sur, ambaye mwanangu Khalaf amemshitaki kuwa kaiba diski ya laptopu yetu. Diski ni kile kisanduku cha bati kilichomo ndani, ndicho kinachoweka picha. Tangu Jumanne duka lake limefungwa, vifaa vyake mnavyo nyinyi, na yeye anaitwa hapa kila siku. Mimi ninalijua jambo ambalo sikulisema.

Mnamo tarehe 3 Februari, saa kumi na moja jioni, nilikwenda dukani kwa Adham na mjukuu wangu Israa, mwalimu, binti yake Khalaf. Laptopu ya Israa ilikuwa ikikwaruza ndani, na Israa alisema diski inataka kubadilishwa kabla haijafa. Ndani yake mna picha za harusi ya dada yake, usiku wa wanawake. Wanawake vichwa wazi, mabega wazi, wanacheza. Nisingewacha mwanamme aifungue mimi sipo.

Adham alisimama akasema, "Shikamoo mama." Shikamoo ile ilinitia wasiwasi. Watu wake walitoka bara, na mimi, Mungu anisamehe, nimelelewa kuwaangalia watu wa bara kwa jicho la pembeni. Kijana mwenye adabu nyingi huwa namwangalia mikono.

Basi nikaiangalia mikono yake. Alitandika kitambaa safi, akavaa kamba yenye waya kwenye kifundo cha mkono, akasema ni ya kuzuia umeme wa mwilini usiunguze vitu vya ndani. Alikuwa na bisibisi ndogo tatu za msalaba. Ya kwanza aliitia kwenye skrubu akairejesha. Ya pili akaitia, akaiachia mkono, ikasimama wima peke yake. Akaniambia, "Ikisimama bila kushikwa mama, ndiyo yake. Isiyokaa inakula kichwa cha skrubu, na kikishaliwa hakirudi." Nilimwelewa. Mimi mwenyewe sindano ya kitambaa kizito siitii kwenye hariri. Nilipenda kazi yake, na kule kuipenda kukanizidisha shaka, maana mwizi mzuri naye ana mikono mizuri.

Alipoitoa diski aliiweka juu ya kitambaa, akageuka kuitafuta mpya. Nikatoa chaki yangu ya kushonea, ya buluu, nikaitia diski alama ya mstari ubavuni. Israa aliniona. Akasema, "Bibi, wallahi aibu." Nikamwambia anyamaze.

Adham alisema kunakili picha kutachukua usiku mzima, akataka tumwachie. Nikakataa. Israa akanikanyaga mguu chini ya meza, tukamwachia. Nikamwambia Adham, "Mimi fundi. Mteja wangu humrejeshea mabaki ya kitambaa chake. Diski yangu ya zamani naitaka." Akasema, "Haki yako mama."

Tarehe 4 Februari, baada ya sala ya adhuhuri, Israa aliirejesha laptopu, akasema dukani ameiona inafanya kazi, picha zote zimo, kisha Adham akaichukua ndani kuifungasha. Diski ya zamani ilikuwa ndani ya bahasha. Nikaitoa, nikaigeuza ubavu huu na huu. Chaki yangu haipo.

Sikumwambia mtu. Nilikesha nikisema huyu kabadilisha, yetu kabakia nayo, na hii kaiokota mahali. Kisha nikasema, au yetu kairejesha ndani na hakutia mpya, katudanganya.

Tarehe 5 Februari, saa nne asubuhi, Khalaf na Israa wakiwa kazini, niliipindua laptopu juu ya meza ya cherehani ili niitafute chaki yangu ndani. Bisibisi niliyokuwa nayo ni ile inayokuja na cherehani, bapa, ya kukazia sindano. Haikukaa. Nilijua haikukaa, maana niliiachia mkono ikaanguka. Nikaikandamiza. Skrubu mbili zilitoka na vichwa vimeliwa, kama alivyosema. Ndani mlikuwa na diski mpya, ina karatasi yake ya dukani, haina chaki. Nikaitoa kuitazama, na kuirejesha kukanishinda. Nilipoisukuma nikasikia kitu kinapinda. Nikafunga kifuniko, na diski mpya nikaitia pamoja na ile ya zamani kwenye kopo langu la vifungo.

Saa nane Israa aliwasha laptopu kwa mara ya kwanza tangu dukani, haikuwaka. Khalaf akaipindua, akaziona skrubu, akakuta ndani patupu. Akasema, "Huyu kaitoa. Picha za binti zangu anazo yeye." Akanitazama mimi. Nikasema, "Si niliwaambia?" Ndivyo nilivyosema. Siku ya pili yake akaja hapa kushitaki.

Jumatano tarehe 7, baada ya alasiri, alikuja Bi Wadha. Adham amemposa binti yake, Hamda. Akaniuliza, "Bi Mahfoudha, wewe umekaa naye dukani. Mtu wa namna gani?" Nikamjibu, "Mimi sisemi kitu. Lakini picha za watoto wa kike hazipotei zenyewe." Alikunywa kahawa yake hakuimaliza. Alhamisi posa ikarudishwa.

Jana Ijumaa, saa mbili asubuhi, nilitaka kuandika vipimo vya mteja na karatasi hakuna, nikaichana ile bahasha ya diski. Ndani yake kulikuwa na vumbi la buluu, na mstari umejichapa kwenye karatasi. Chaki yangu. Miaka arubaini nashona, kila siku naipangusa chaki hiyo hiyo kwa kiganja ikafutika, na siku hiyo nilitaka ikae kwenye bati kama wino. Diski aliyonirejeshea ilikuwa yetu tangu mwanzo.

Nilikaa chini. Nimefundishwa tangu chuo cha Kurani kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na nimewafundisha wajukuu. Nimeona haya, Sajini, uandike hivyo. Sikuja jana kwa sababu nilikuwa namwogopa mwanangu. Usiku nilimwambia. Hakuninena vibaya, alitoka nje tu.

Nimeleta kopo, diski mbili, bahasha na bisibisi ya cherehani. Adham hakuiba. Niliyefungua ni mimi.

Haya ndiyo niliyokuja kuyasema. Hakuna aliyenituma, wala sikuahidiwa kitu. Nimesomewa, nimeyakubali.

(Sahihi) Mahfoudha binti Suleiman

Maelezo ya afisa: Nimevipokea vielelezo. Bisibisi ya cherehani nimeilinganisha na skrubu mbili, alama zinakubaliana. Adham aliitwa ndani saa 4:40. Aliziangalia diski, akasema mpya ina meno mawili ya kuchomekea yaliyopinda, ya zamani ni nzima. Shahidi alimtaka radhi mbele yangu. Adham alisema, "Mama, ungeniomba tu bisibisi, ningekuazima."

Vifaa vya Adham vimerejeshwa saa 5:10. Shahidi aliomba nakala ya maelezo haya yenye muhuri, aipeleke nyumbani kwa Bi Wadha. Nilimwambia nakala haitolewi. Akasema basi atakwenda kuyasema kwa mdomo, maana kwa mdomo ndiko yalikoanzia.

Sajini Ishak bin Rashid