Wakili Niliyemtangaza Mapema

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, cherehani tatu, na daktari aliyenikataza sukari. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, lakini hakuna suruali mtaani humu isiyoujua mkono wangu.

Mjukuu wangu kapiga simu. Yuko chuo kikuu, anasomea uhandisi wa maji. Sasa wanamwambia anaweza kuongeza shahada ya sheria, azisome zote mbili, miaka miwili zaidi. Jibu wanalitaka Jumanne ijayo. Hajaamua. "Nishauri, mume wangu." Ndivyo anavyoniita tangu mdogo.

Nikamwambia ongeza! Mimi nashona suruali, nashona magauni, mbona sijapasuka? Akacheka. Akasema maji anayapenda, sheria haijui, nimwache afikiri. Afikiri nini? Mvua ikinyesha unafikiria kukinga ndoo?

Nimeshawaambia wote wanaopita dukani: kwangu kuna wakili.

Jumatano, 6 Machi

Mama wa saluni, ambaye tumegawana ukuta, kaja analia. Mwenye nyumba anataka kumtoa aingize mpangaji mwingine. Kesi ni keshokutwa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akamwambia nenda tu, mama, kaeleze mwenyewe, huna kosa. Nikamkatiza. Kwenda mahakamani bila wakili ni kama kwenda harusini bila suruali! Atulie. Mjukuu wangu anakuja Jumamosi, atalimaliza. Mahakama imngoje.

Kinyozi: "Mzee Sindano, huyo wakili wako kaanza lini?" Nikamwambia anyoe vichwa, yaliyomo ndani aniachie mimi. Watu hoi kwa kicheko. Mama wa saluni akafuta machozi — asante, baba, umenitua mzigo.

Nilijisikia mkubwa kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Hakwenda. Alikuwa anasuka wateja kama kawaida. Nikampungia mkono. Safi!

Jumamosi, 9 Machi

Mjukuu kafika asubuhi. Kakonda, viatu vimeganda udongo mwekundu wa mazoezi ya visima. Hata begi hajatua, mama wa saluni huyo kaingia. Mahakama imempa ushindi mwenye nyumba, kwa kuwa mama hakutokea. Atoke mwisho wa mwezi. Akamshika mjukuu mkono. "Wakili, sasa tunafanyaje?"

Mjukuu akanitazama mimi kwanza. Kisha taratibu: "Shangazi, mimi ni mtu wa mabomba. Hata mlango wa mahakama siujui."

Nikajifanya natafuta uzi.

Jumapili, 10 Machi

Leo haniiti mume wangu. Babu tu.

Jikoni kanieleza. Alikuwa amekuja kuniambia kwamba sheria ameikataa. Kapata nafasi ya kwenda na wachimba visima mwaka mzima, jambo analoliota tangu aanze chuo. Alitaka aniambie ana kwa ana, maana hasira zangu anazijua.

Nikakoroga sukari. Chai ikapoa.

Jumanne, 12 Machi

Jana kutwa walikuwa kwa mawakili wa bure, yeye na mama wa saluni. Wameambiwa wanaweza kuomba kesi isikilizwe upya, ila wasiweke matumaini sana.

Asubuhi hii kaja kwenye meza yangu ya kukatia. "Babu, nitaongeza sheria."

Na visima?

"Vitachimbwa na wengine. Sitaki mtu mwingine amngoje wakili asiyekuwepo."

Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia. Mke wangu, usiubebe mdomo wangu mgongoni, nenda kwenye maji yako. Nikafungua mdomo. Kikatoka: "Si nilikwambia!"

Akaitikia kwa kichwa tu. Akatoka na simu.

Sasa hivi yuko nje, mbele ya saluni, anawapigia chuo. Hawapokei. Anapiga tena. Namwona kupitia dirisha, hapo tu, ningemwita kwa sauti ya kawaida angesikia. Miguu hii imewashinda vijana wote wa mtaa huu. Leo imegoma. Na mdomo siuamini tena, utatoa nini safari hii.

Nimeandika kama yalivyo. Anayebisha amuulize kinyozi, tangu mwanzo alikuwepo, na yeye hanipendelei. Mama wa saluni pia anayajua yote. Ila leo asisumbuliwe. Anafungafunga vioo vyake kwa magazeti.