Kompyuta Siitoi, Mjomba

Chumba cha nyuma,
Karakana ya kushonea.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, si umeinama kwenye yale makabati ya watu. Mgongo unasemaje? Na mkaza mjomba, ile miwani mipya imemkubali au bado anaivua akitaka kusoma? Sisi huku hatujambo. Kifungo ameota meno ya juu na anang'ata kila kinachopita, hata bega langu nikimbeba. Baba yake bado anachomelea mageti. Jioni anarudi shati lina matundu ya cheche, nami nashukuru matundu yako kwenye shati tu.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena. Umesema kwa kuwa kompyuta imenishinda, nimpe mwanao Injinia akasomee chuoni, na mimi utanitafutia simu nzuri. Mjomba, mama alipofariki wewe ndiye uliyenishika mkono, na sijawahi kukujibu vibaya. Leo pia sikujibu vibaya. Nakujibu tu: siitoi.

Usikasirike kwanza. Najua habari zilikufikia zimeshatiwa chumvi na pilipili, kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe.

Ilipofika, mashine uliyonitumia ilikuwa nzito kwa uzee. Ukiiwasha unaweza kumwogesha mtoto, ukamkausha, ukampaka mafuta, ndipo iamke. Fundi wa kompyuta wa hapa mtaani akaniwekea Linux, mfumo wa bure ambao unazihurumia mashine kuukuu. Ikawa nyepesi kama imepunguziwa mzigo. Ila kila kitu kwenye kioo kilionekana kimetanuka ubavuni. Nikienda kwenye mipangilio kubadilisha ukubwa wa picha, nakuta chaguo moja tu, hakuna la pili. Nikasema basi, ndivyo ilivyo. Hata wewe kwenye picha uliyotutumia nilikuona umenenepa, nikamshukuru Mungu kwamba huko mnakula.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanzia. Bosi wangu hapa karakana, yule tunayemwita Mama Sindano, alipata kazi ya aproni za watoto wa chekechea, zile za kuvalia kichwani wasijipake rangi. Akaniachia nichore mimi, kwa kompyuta. Kwenye mwili niliandika vipimo kwa namba. Shingo nikaichora kwa jicho. Nikaona duara limelala kama yai, nikalibana pembeni mpaka likawa duara zuri kabisa. Nikapeleka flashi duka la kopi, wakachapa, nikaunganisha karatasi kwa gundi, Mama Sindano akatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka akakata. Hakuuliza, maana aliniamini.

Ya kwanza tulimvisha Kifungo. Ikakwama masikioni. Mtoto akalia, mikono juu, uso haumo ndani wala nje.

“Mama Kifungo,” bosi akasema, “hii shingo ulimchorea mtoto au chupa ya soda?”

Karakana nzima ikaangua kicheko, mpaka yule dada wa vifungo akadondoka kwenye kigoda. Mama Sindano akazipasua zote mgongoni, akatia kamba za kufunga, kazi ikapokelewa. Lakini akanipa chaki mkononi. “Kuanzia leo chora kwa hii. Lile dude lako libaki nyumbani likuangalizie mtoto.”

Hicho ndicho kicheko kilichokufikia huko. Ambacho hakikukufikia ni kwamba mimi sikucheka, wala sikulia. Nilikwenda nyumbani nikachora duara jingine kwa namba, upana na urefu sawa, nikachukua futi ya kushonea nikalipima kwenye kioo. Upana haukuwa sawa na urefu. Jicho langu halikukosea, Mjomba. Kioo ndicho kilichokuwa kinanidanganya, nami nikanyoosha kilichonyooka.

Nikaanza kutafuta dawa kwenye simu. Unajua niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikapata maelekezo ya mtu mmoja nisiyemjua, anasema kioo chake kilikuwa hivyo hivyo, akaweka draiva mpya ya kadi ya picha, ile programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi inayotoa picha kwenye kioo, akapona. Nikanakili amri zake mstari kwa mstari, bila kuelewa hata mmoja. Nikazima, nikawasha.

Giza. Feni inazunguka, kioo cheusi.

Ndipo Injinia akapita kunisalimia. Simsemi vibaya, ni kijana mwema na alitaka kusaidia. Akaniambia, “Dada, hii tufute kila kitu tuanze upya. Au nipe mimi tu, usijitese.” Mjomba, humo ndani mna michoro yangu yote, tangu Kifungo akiwa tumboni. Nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kijitaa chake kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazimika. Nikamwambia, “Unaona? Inasikia. Anayepumua hazikwi.” Akatikisa kichwa, akaenda kukuandikia kwamba imenishinda.

Haikuwa imenishinda. Ilikuwa haijanijibu.

Niliingia kwenye kundi la simu la watu wanaotumia Linux, nikaeleza shida yangu kwa Kiswahili changu hiki hiki. Mama mmoja humo, wanamwita Bibi Waya, akaniuliza swali moja: kadi yako ya picha ni ipi? Sikujua. Na hapo ndipo nilipojionea haya mwenyewe. Kifungo akikohoa, jirani akaniletea chupa ya dawa iliyobaki ya mwanawe, siwezi kumpa hata tone. Nitauliza ni ya umri gani, ni ya kikohozi gani. Lakini mashine nimeinywesha dawa ya mtoto wa watu bila kuuliza mgonjwa wangu ni nani!

Bibi Waya akanifundisha, nami nikafuata huku Kifungo yuko mgongoni ananivuta kilemba. Unaiwasha, unashika kitufe mpaka itokee orodha, unachagua hali ya uokoaji. Inakuja sehemu isiyo na picha wala rangi, maandishi meupe tu kwenye weusi. Sikuwahi kufurahia maandishi namna ile. Kwanza nikauliza mashine ina kadi gani, ikanitajia. Ni ya zamani. Draiva niliyoiweka ilikuwa ya kadi mpya, na ya kwangu haihitaji kutafutiwa, inakuja ndani ya Linux yenyewe. Nikaitoa ile ngeni. Nikawasha, mwanga ukarudi.

Lakini bado picha imetanuka! Baba Kifungo akaniambia taratibu, “Mke wangu, umejitahidi. Hata ukiacha si aibu.” Nikamwambia, wewe geti likikataa kufunga huwa unamwambia mwenye nyumba alale mlango wazi? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akacheka, akambeba mtoto, akaniachia nafasi.

Bibi Waya akauliza tena: aliyekuwekea Linux aliiweka vipi? Nikamwendea yule fundi wa mtaani. Akakumbuka kwamba siku ile kioo kilimsumbua, akachagua hali ya usalama ya picha ili amalize kazi. Kumbe agizo lile lilibaki humo, kila nikiwasha linaiambia mashine isiitumie kadi sawasawa. Tuliliondoa, yeye kashika taa ya simu, mimi naandika. Alitaka kuandika yeye. Nikakataa.

Ilipojiwasha nilifumba macho kama anayesubiri sindano. Nikafumbua. Nikachora duara, nikaweka futi. Upana na urefu, sawa. Nikafungua na picha yako, Mjomba, nikaona ulivyokonda. Tafadhali kula.

Sikudanganyi kwamba yote yamepona. Kitufe cha kupunguza mwanga hakifanyi kitu, na mashine ikisinzia saa nyingine haiamki, kwa hiyo siiachi isinzie. Tunaelewana hivyo hivyo.

Juzi nilipeleka shingo mpya karakana. Mama Sindano alikataa kugusa kitambaa chake, akakata kipande cha shuka bovu. Akamvisha Kifungo mwenyewe. Ikapita masikio, ikapita kidevu, ikakaa mabegani. Mtoto akatambaa nayo hadi mlangoni, tukaanza kumkimbiza. Bosi hakunisifu, unamjua. Alinyoosha tu mkono, akachukua chaki yake. “Haya, lete na mikono ya sare.”

Na jana Injinia alikuja na begi. “Dada, baba kasema.” Nikamwambia alichosema nimekisoma, nitamjibu mwenyewe. Nimempa chai, nimemrudisha na begi tupu. Akitaka kufanyia mazoezi, aje nyumbani mchana nikiwa karakana, kiti kipo. Ila mashine hailali nje.

Ulipoituma uliandika “ya mwanangu.” Mimi ndiye mwanao huyo, na nimeitaabikia. Kwa hiyo simu usininunulie. Na ukijibu barua hii, Mjomba, usiniulize kama nimeshaitoa. Niulize nimechora nini.

Msalimie sana mkaza mjomba, na bibi umwambie Kifungo ana masikio yake. Wasalimie na wadogo zangu wote hapo nyumbani. Mungu akunyooshee mgongo na akupe mkate wa kila siku, ule mpaka picha ijayo ukuoneshe mnene kwa haki.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Mama Kifungo