Kanda ya Mama na Wajerumani Wako

Mdogo wangu,

Ningeanza na "mpendwa", lakini mimi si mnafiki. Nimesoma ujumbe wako kutoka Seattle. Mwaka wa tatu huu hujaniuliza hata hali, na leo unaulizia kanda. Unasema ile albamu ya Wajerumani haipatikani popote, kwamba ni sauti ya anga lenyewe, na niitie kwenye bahasha nikutumie. Huna haya hata kidogo.

Tulipofika huku ughaibuni tulikuwa tukikaa pamoja Brooklyn Park, mimi nikitunza wazee, wewe ukikusanya santuri. Rafiki yako wa mtaa wa Phillips alikuazima hiyo ya Wajerumani kwa siku moja tu, ukaibeba kama yai. Ngoma ile ile dakika ishirini, kinanda kinavuma kama friji bovu, na mtu ananong'ona Kijerumani. Ulifunga mapazia mchana kweupe.

"Sis, funga macho. Hii ni space. Si unaskia tukipaa?"

Nilikuwa nimetoka shifti ya saa kumi na mbili mfululizo. Nilipaa hadi kitandani.

Nilipolala ulitaka kuinakili na hukuwa na kanda tupu. Ukachukua ya mama.

Unajua mama hakupenda simu. Alisema kwenye simu mtu huongea kama anayefukuzwa. Alijirekodi kule nyumbani Voi, kwenye redio ya sebuleni, upande mmoja mzima, akampa jirani aliyekuwa akisafiri kuja huku. Tuliisikiliza mara moja tu, wewe na mimi, kwenye zulia, na wewe ndiye uliyelia zaidi. Siku hiyo hiyo nilivunja vile vijino vya juu ya kanda ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Nikakuambia usiiguse. Sikio la kufa halisikii dawa. Uliziba matundu kwa selotepu! Kusahau ningekuelewa, lakini selotepu ulilazimika kuitafutia mkasi.

Mama akafariki. Hatukuweza kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi yetu, kwa hiyo watu wa kanisa walikuja kwetu Jumamosi alasiri kuomba. Chai ikapita, chapati zikapita, nikasimama nikasema, sasa tumsikie mwenyewe. Nikabonyeza. Wajerumani wakaanza. Watu waliinamisha vichwa kwa heshima wakidhani ni utangulizi, hadi yule mama mzee wa kwaya akauliza, "Huyu ni marehemu ama ni washing machine?"

Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Aki sis, nilidhani ni ile ya sermon."

Uongo. Lebo ilikuwa na mwandiko wa mama. Nilikuchukia siku ile mbele ya mchungaji, na chuki hiyo haijapoa.

Sasa nisikilize. Ujumbe wako ulipofika niliichukua kanda, nikaendesha gari hadi mtoni hapa Champlin ninakoishi siku hizi, nia yangu niitupe majini. Gari langu kuukuu bado lina redio ya kaseti. Nikasema niisikilize kwanza, nijue vizuri ninachokichukia. Niliisikiliza yote bila kupeleka mbele. Na nitakupa haki yako: kuna mahali kinanda kinabaki peke yake, ngoma imenyamaza, nikajisikia mpweke mpaka nikashika usukani. Kisha upande wako wa santuri ukaisha, na kanda haikuisha.

Mama alikuwa anaongea.

Alitusalimu kwa kufuata umri, kama kawaida yake. Mkubwa kwanza, kitinda mimba mwisho. Kwa hiyo mimi, mkubwa, nimefutwa mzima na Wajerumani wako. Mliobaki ni nyinyi wawili, mama na wewe. "Na wewe mtoto wangu wa mwisho, unakula? Usimchoshe dada yako. Ana hasira, lakini hana mtu mwingine huko." Dakika sita, zote zako.

Sikutumii. Usinitajie bahasha tena. Ukitaka kumsikia, uje mwenyewe, ukae kwenye gari langu, uanze na Wajerumani wako kama nilivyoanza mimi.

Na sijakusamehe. Ila siku ile kwenye zulia tulikuwa wawili, na mimi nimesahau mama aliniambia nini. Nimejaribu wiki nzima. Uje unikumbushe.

Ni mimi,
dada yako mkubwa