Tulimwazimisha Dido kwa Mechi Tatu

Shemeji wangu, mume wa dada yangu,

Nakuandikia kwa hasira, ujue hilo kwanza. Ulipanda pirogi, mtumbwi wa kushuka mto, asubuhi bila kunigombeza, na mtu aliyekosa kama mimi anastahili kugombezwa. Ungenipiga hata kofi moja mbele ya depo yangu ya maharagwe, watu wakacheka, yakaisha. Uliniaga kwa mkono kama mteja. Leo ni siku ya sabini na nne.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa pale kwenye kreti za bia, kila siku baada ya wewe kutoka shuleni. Mwalimu asiyelipwa na muuza maharagwe kutoka Kivu, wote wawili na maneno mengi kuliko makocha. Mimi nilikuwa nachota punje kumi na moja za maharagwe mekundu na kuzipanga juu ya kifuniko cha katoni. Moja golini, nne nyuma, nne katikati, mbili mbele. Wewe unanyoosha kidole, unasukuma punje moja mpaka ukingoni kabisa mwa katoni, upande wa kushoto. "Hapa," unasema. "Hapa ndipo mutoto anaishi." Nami nairudisha katikati. Unaisukuma tena. Siku moja tuliisukuma mpaka ikaanguka chini, kuku wa dada yangu akaimeza, na Tonton Moris kinyozi akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Bon! Sasa mumebaki kumi! Kocha, ingiza musaidizi!"

Punje ile ilikuwa Dido. Timu yetu ya Kabondo ilikuwa na vijana wawili wa mkopo msimu ule, wote kutoka Isangi, kwa sababu huko hakukuwa na ligi tena, na huku kwetu ligi ilikuwa inakokota mguu lakini ipo. Faustin, miaka kumi na tisa, beki wa kati, mzito kama mlango wa kanisa. Na Dido, kumi na saba, winga wa kushoto, mwembamba, mwenye kucheka hata akipigwa buti. Wewe ndiye uliyeshuka mto kuwaleta. Wewe ndiye uliyekaa jikoni kwa mama yake Dido, ukala samaki wake, ukamwambia kwamba mtoto atalala kwako, atakula kwako, na msimu ukiisha utamrudisha kwa mkono wako. Mimi sikuahidi mtu kitu. Mimi niliandika dakika.

Nilifika mji huu na gunia moja la maharagwe na darasa nne za shule. Kila nilichonacho nimekipata kwa kuhesabu, na hata mpira niliutazama hivyo hivyo. Faustin: mechi tisa, dakika mia nane na kumi, hakukosa hata moja. Kabla yake tulifungwa mabao kumi na manne katika mechi tisa. Pamoja naye, matano. Dido: mechi tisa, dakika mia nne na kumi na mbili, bao moja. Ulikuwa unanicheka. "Papa Kalkili, mutu wa hesabu, umehesabu bao. Umehesabu mabeki walioanguka? Umehesabu watu wanaosimama kila anapogusa mpira?" Nikakujibu kwamba kusimama kwa watu hakuingii kwenye msimamo wa ligi. Moris akadakia: "Huyu, siku atakufa, tutaandika kwenye msalaba dakika alizocheza!" Tulicheka. Kulikuwa na vita, daraja la karibu lilikuwa na askari wa kizuizi, maharagwe yangu yalikuja kwa ndege mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka kwa sababu barabara ilikuwa imekufa, nasi tulikuwa tunacheka.

Halafu akaja yule komanda.

Nataka uliseme jambo hili pamoja nami, hata kama hunisikii: alikuja kwa upole. Alisimama pembeni mwa uwanja mpaka mazoezi yakaisha. Akavua kofia. "Sisi pia, kule kambi, tuko na timu," akasema. "Tuko na mechi tatu za kirafiki. Donc, munaweza kutuazimisha kijana moja? Mechi tatu tu, anarudi." Na sisi, Shemeji, tulifanya nini? Tulifurahi. Mtu mwenye bunduki alikuja akazungumza kama rais wa klabu, naye mwenyekiti wetu akamjibu kama rais wa klabu, na kamati nzima ya washabiki ikakaa kwenye kreti kujadili nani aende. Saa moja na nusu. Hakuna aliyeuliza timu hiyo inacheza na nani. Tuliuliza kama tunaweza kubaki na 4-3-3 bila winga wa kushoto.

Wewe peke yako ulisema hapana. Nakumbuka maneno yako maana yalinikera. "Mutu si toleka. Baiskeli ya abiria unaazima asubui, unarudisha mangaribi. Mutu, hapana." Nami nikafungua daftari. Nikawasomea. Tukicheza 4-4-2, nikasema, Faustin ni ukuta na Dido ni pambo. Timu inayopigania kubaki haihitaji pambo. Namba zilikuwa safi. Mikono tisa ilinyanyuka: Dido aende. Wako ulibaki juu ya goti.

Kwa nini hukupiga kelele? Ulikuwa na sauti ya kutuliza darasa la watoto sitini.

Kesho yake nikaandika karatasi. Nilitaka kila kitu kiwe sawasawa, kama mkopo wa klabu kwa klabu: jina, namba ya jezi, mechi tatu, muhuri wa timu. Juu kabisa niliandika kwa Kifaransa cha darasa nne, kwa herufi kubwa: JOUEUR PRET. Ulichukua karatasi, ukasoma, ukainama sikioni mwangu ili nisiaibike.

"Shemeji, umeacha herufi ya mwisho. Mchezaji aliyeazimwa ni prêté. Hii uliyoandika inasema mutoto iko tayari."

"Tayari kucheza, si ndiyo?" nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie.

Wakacheka. Nilikuaibisha wewe, mimi ambaye ulinikinga. Nilijisemea kwamba sitakubali mwalimu wa darasa la tatu anisahihishe mbele ya watu, wakati mimi ndiye ninayelisha nusu ya mtaa. Nikagonga muhuri.

Komanda alisoma polepole, kwa kidole. Akatabasamu. "Joueur prêt. Bon. Kama iko prêt, apande." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Dido alikuwa ameweka viatu vyake vya mpira ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Aliniuliza mimi, si wewe, kwa sababu mimi ndiye mtu wa hesabu: "Papa, mechi tatu ni siku ngapi?" Nikamwambia ishirini na moja. Akapanda nyuma ya gari, akakupungia mkono.

Nimejitetea mara nyingi. Herufi moja haimzuii mtu mwenye gari la askari. Ningeandika sawasawa, wangemchukua sawasawa. Nalijua hilo, nawe ulilijua, na labda ndiyo sababu hukunigombeza. Lakini hapo wao ndio wangemchukua. Wangemnyang'anya kutoka mikononi mwetu, nasi tungepiga kelele, tungekuwa watu walioibiwa. Sisi tulimtoa, tena kwa kura, na muhuri juu.

Siku ya ishirini na mbili tangu achukuliwe nilikwenda kambini na nakala yangu. Askari wa getini aliigeuza juu chini. "Timu gani, papa? Hapa hakuna timu." Nikarudi kwa miguu. Wiki hiyo hiyo mpakiaji mmoja wa Bangboka, anayeteremsha magunia yangu, aliniambia aliona vijana wakipandishwa kwenye ndege ya mizigo, sare mpya, na mmoja mwembamba alikataa kuacha mfuko mweusi wa plastiki mpaka akapigwa. Ndege ilikwenda upande wa mashariki. Zaidi ya hapo hajui.

Nilikuletea habari hiyo nyumbani, ulikuwa unasahihisha madaftari. Ulimaliza daftari ulilokuwa nalo. Kisha ukasema utashuka Isangi.

"Ngoja kwanza tupate habari kamili," nikasema.

"Nilimwahidi yule mama uso kwa uso. Nitamwambia uso kwa uso. Habari kamili ndiyo hii."

Ukaenda. Dada yangu hanisemeshi tangu siku hiyo. Kama ana neno na mimi anamtuma binti yenu mkubwa, hata tukiwa chumba kimoja. "Mwambie mjomba wako chakula kipo." Nakula. Timu imeshuka daraja, kama unataka kujua. Faustin alitoroka alipoona lile gari likipita tena karibu na uwanja, na kwenye kreti hakuna anayekaa. Moris alijaribu kunitania siku moja, akaacha katikati ya sentensi.

Nilijipa matumaini kwa namna moja tu: kwamba umefika, kwamba umemwambia, kwamba yule mama amekushika kwa uchungu, au una homa, au wamefunga mto na huwezi kupanda. Nilihesabu kila sababu inayoweza kumchelewesha mtu mzima mwenye akili.

Jana mchana alikuja mwanamke na kikapu kichwani. Alitua mbele ya depo, akanisalimu vizuri, akauliza kama hapa ndipo kwa shemeji wa Mwalimu. Nikajua kabla hajasema jina lake. Akafunua kikapu: samaki wa moshi, wengi. "Hawa ni wa Mwalimu, kwa kumulinda mutoto wangu. Na hawa ni wa mutoto. Mwalimu iko wapi?"

Nikamuuliza kama hamkuonana kule Isangi.

"Mimi na Mwalimu? Toka ile siku alikuja kumuchukua Dido, sijamuona tena."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari yako, Shemeji: hukufika. Nilikaa juu ya gunia. Naye akadhani ni jua, akanitafutia maji ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akanisubiri ninywe, kisha akauliza, na macho yake yalikuwa na furaha kabisa: "Siku hizi anacheza namba gani?"

"Kumi na moja," nikasema. "Kushoto."

Ni namba ya kwanza ya uongo niliyowahi kutoa maishani mwangu.

Usiku alilala kwa dada yangu. Sasa wanazungumza, nawasikia, dada anasema juu ya mihogo. Mama wa watu ameuliza mara mbili uwanja uko upande gani na watu huanza kuingia saa ngapi. Kesho ni Jumapili. Amefua kitenge chake, ameanika uani, anakigusa kila saa kuona kama kimekauka. Neno ulilolibeba wewe kwenye maji halikufika, na hakuna mwingine wa kulifikisha. Kikikauka nitatoka nje nimwambie, la Dido na lako pia, kwa mpigo mmoja, mbele ya dada yangu.

Popote mto ulipokuweka, pumzika.

Mimi, kaka wa mke wako