Diski Pacha na Rejista Zako Mbili

Kamwene Baba,

Ulinikataza kujisifu mbele za watu. Leo najisifu mbele yako, na wengine wakisikia, shauri yao.

Unakumbuka ofisi ya zamu za maji pale Madibira? Ulikuwa karani, na kila jambo uliliandika kwenye rejista mbili, neno kwa neno, tangu panya walipotafuna ile ya zamani. Moja uliitumia, nyingine uliifungia sandukuni. Wakulima walijipanga dirishani mpaka jua la utosi, kila mmoja akitaka kujua maji yatafika lini jarubani kwake, nawe unafunua kurasa kwa kidole kilicholowa mate. Nilikuwa darasa la sita nilipokuuliza kwa nini ile ya sandukuni isisomwe dirisha la pili. Ulinitazama, ukacheka, ukasema, "Kumbe nimezaa bosi." Kesho yake mama alikaa dirisha la pili, na saa nne watu walikuwa wamesharudi mashambani. Kuandika kulibaki kazi ileile, maana rejista zote mbili zilitaka kujazwa. Kusoma ndiko kulikopata nafuu.

Sasa sikia aibu yangu. Mimi, fundi wa kompyuta wa Ilomba, ndiye niliyeiwekea ofisi hiyohiyo kompyuta yenye diski mbili pacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Kwa woga nikaiagiza isome diski moja tu, ya pili nikaitunza isichoke. Yaani nilisahau hata nilichokufundisha mwenyewe! Msimu wa kupandikiza ulipofika, makarani sita wakawa wanaiuliza mashine kwa pamoja, ikawa inajikongoja. Wakulima wakaitisha kikao, kompyuta iondolewe. Mzee mmoja wa Kisukuma, ambaye miche yake ilikuwa inanyauka, alisema marehemu karani asingewachelewesha hivi. Baba, iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilisimama nikakiri kwamba mashine haina hatia, kosa ni langu. Nikaomba nusu saa. Nilibadilisha agizo moja tu: diski zote mbili zisomwe, zigawane wanaouliza. Karani akiwa peke yake hakujibiwa haraka kuliko zamani, lakini wakiuliza wote sita hawakukwama tena. Kufika saa tano kibarazani hapakuwa na mtu, isipokuwa yule mzee.

Aliniuliza mimi ni wa nani. Tangu niende sekondari Iringa hawanifahamu pale, nami sikuwa nimesema, nilitaka kazi initambulishe. Nikakutaja. Akavua kofia.

"Ningejua, mwanangu, ningekaa kimya nikangoja."

"Hapana, babu," nikamwambia. "Baba asingekubali ungoje."

Pumzika, Baba. Naringia jina lako.

Binti yako, fundi